Lo-fi si bendi, ni rekodi

Jana tena nimeona mtu kaposti wimbo wa taratibu, kinanda na mvua inanyesha kwa nyuma, kaandika "hii bendi ni lo-fi kabisa". Nimevumilia ila leo niseme. Lo-fi ni rekodi ambayo sauti yake si safi, ina mvumo, ina mikwaruzo, mashine yenyewe inasikika, na mwenye wimbo akaitoa hivyo hivyo. Basi. Wimbo kwenda polepole hauhusiki kabisa.

Neno limetoka kwenye hi-fi. Waliokulia nyumba yenye redio kubwa sebuleni wanakumbuka yale maandishi pale mbele, Hi-Fi. Hiyo "fi" ni fideliti, uaminifu, yaani mashine inakuletea kilichopigwa kama kilivyopigwa, haiongezi wala haipunguzi. Hi ni juu, lo ni chini. Sasa angalia hapo anayepimwa uaminifu ni nani, ni mashine, si mpiga gitaa! Mwaka 1986 William Berger wa redio WFMU kule New Jersey akakipa kipande cha kipindi chake jina Low-Fi, akawa anapiga kazi ambazo watu wamejirekodia nyumbani, na polepole jina la ubora wa sauti likageuka jina la aina ya muziki, ndo tukachanganyikiwa.

Chukua bendi ya Guided by Voices wa Dayton, Ohio. Albamu yao Bee Thousand ya 1994 walirekodi kwa mashine za kaseti za treki nne, yaani zinazorekodi sauti nne tu pembeni kwa pembeni, magereji na vyumba vya chini ya nyumba, hiyo ni lo-fi bila ubishi. 1999 bendi hiyo hiyo ikaingia studio na prodyuza Ric Ocasek ikatoa Do the Collapse, sauti imenyooka, hiyo siyo. The Mountain Goats nao, All Hail West Texas ya 2002 imeimbwa mbele ya redio kaseti ya Panasonic, ukivaa hedifoni unasikia mota ya kaseti inasaga chini ya gitaa mwanzo mpaka mwisho. Baadaye wakahamia studio nzuri tu.

Na aliyesema santuri za Siti binti Saad ni lo-fi, hapana jamani. 1928 alienda mpaka Bombay kurekodiwa na HMV, kampuni ya santuri, mafundi wenye kazi yao na vifaa vizuri vya zama zile. Mikwaruzo unayoisikia leo ni ya santuri iliyochakaa na mashine za enzi hizo, hakuna aliyekubali sauti mbovu pale.

Zile biti za kusomea usiku zinazoitwa lo-fi, mikwaruzo yake mara nyingi inaongezwa kwa kompyuta, zimerithi jina na sina ugomvi nazo.

Kwa hiyo ukiniuliza bendi fulani ni lo-fi au la, nitakuuliza albamu ipi, wamerekodia wapi, kwa mashine gani. Ule wimbo wa jana ni mzuri sana, nimeusikiliza mara tatu. Ni wimbo wa taratibu tu.