Betri za kuchaji za tochi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tochi kali za LED za siku hizi nyingi zinatumia betri ya lithiamu-ioni, na iliyoenea zaidi ni 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho ikimaanisha umbo la silinda. Kuna na mwenzake mnene zaidi, 21700. Teknolojia yenyewe si ngeni. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991. Ila kwa miaka mingi tuliitumia ikiwa imefichwa ndani ya simu na laptopu, na ni kununua seli, yaani betri moja moja, mkononi ndiko kulikoleta maneno mengi, mengine ya kweli, mengine ya kutia watu hasara.

"Yenye mAh nyingi ndiyo bora"

Hili ndilo linalokula pesa za watu kuliko yote. Namba ya mAh (miliampea-saa) inaeleza ujazo: betri ya 3000 mAh inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 3 hivi. Tatizo ni kwamba yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuandika atakacho kwenye ganda la plastiki. Viwanda vinavyoaminika kwa seli hizi vinahesabika: Panasonic, Samsung SDI, LG, Molicel, na Murata waliochukua kazi ya betri ya Sony mwaka 2017. Kwa ukubwa wa 18650, seli zao nyingi ziko kati ya 2500 na 3500 mAh. Sokoni zipo chache sana zinazokaribia 4000. Kwa 21700, nyingi ni 4000 hadi 5000, na chache mpya zimevuka hapo. Basi 18650 iliyoandikwa 6800 au 9900 haina haja ya kupimwa, imeshajitangaza. Hata ile iliyojifanya mnyenyekevu ikaandika 5000 tu, nayo ni feki.

Ukitaka kuhakikisha, anza na mzani wa jikoni. 18650 halisi yenye ujazo wa kutosha huwa na gramu 45 hadi 50. Ikija na gramu 30, kuna kitu kimekosekana: wengi waliozipasua wamekuta seli ndogo ndani ya kopo kubwa, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Uzito sahihi peke yake hautoshi, kwa sababu seli iliyochoka nayo ni nzito, lakini uzito pungufu unatosha kabisa kuikataa.

Kipimo cha pili ni saa. Tumia betri mpaka tochi ishushe mwanga kwa kuishiwa, kisha iweke kwenye chaja ya ampea 1. Betri ya 3500 mAh itachukua saa 4 hivi, kwa sababu mwishoni chaja hupunguza kasi. Ya 9900, kama ingekuwa kweli, ingelala humo zaidi ya saa 10. Ikijaa ndani ya saa moja na nusu umeshajua ulichonunua. Zipo pia chaja zinazopima ujazo zenyewe na kuandika namba kwenye kioo. Kwa mwenye betri nyingi, hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

"Ujazo mkubwa huongeza mwanga"

Hapana, ujazo huongeza muda. Mwanga unategemea tochi, na pia kama betri inaweza kutoa mkondo ambao tochi inaudai. Vitu hivi viwili huvutana. Samsung wana 35E yenye 3500 mAh lakini mkondo wake wa kudumu ni ampea 8; 30Q ina 3000 mAh na ampea 15; 25R ina 2500 mAh tu, lakini inatoa ampea 20. Ukiongeza kimoja, kingine kinapungua.

Sasa tochi ya LED moja inayotoa lumeni 1000 huvuta kama ampea 3. Kwa hiyo kulipia zaidi ili upate seli ya ampea 20 hakukupi chochote kwenye tochi hiyo. Chukua yenye ujazo. Tochi zenye LED tatu au nne zilizosongamana ndizo zinazohitaji seli ya mkondo mkubwa, na ukizitilia seli dhaifu mwanga unashuka mapema huku betri ikipata joto. Kijitabu cha tochi kwa kawaida kinataja ampea zinazotakiwa. Kisipotaja, na tochi ni ya nguvu nyingi, mimi ningechukua ya 3000 mAh ya ampea 15 na kusahau habari hiyo.

"Ina kinga, basi haiwezi kuleta shida"

Betri "yenye kinga" ina kijisaketi cha duara, kwa kawaida upande wa hasi, kinachokata umeme ikichajiwa kupita kiasi, ikikamuliwa hadi chini sana, au ikipigwa shoti. Ni kitu cha thamani. Lakini hakizuii joto la gari lililoachwa juani, wala hakitengenezi seli iliyobonyea, wala hakiwezi kuzima shoti iliyotokea ndani ya seli yenyewe. Na neno "kinga" linachapwa kirahisi kama namba ya 9900.

Kijisaketi hicho hula nafasi. 18650 yenye kinga huwa na urefu wa milimita 67 hadi 70, na tochi nyingine hazifungi vizuri zikiwekewa. Kinyume chake pia kipo: baadhi ya tochi hazigusi seli ya kichwa bapa, zinataka yenye kitufe kilichoinuka upande wa chanya. Pima bomba la tochi kabla ya kuagiza. Kuna na udhia mwingine: ukiwasha tochi kali kwenye mwanga wa juu kabisa, kinga inaweza kudhani ni shoti na kukuzimia ghafla. Hapo si betri mbovu, ni betri isiyolingana na tochi.

Je, ununue ipi? Tochi inayotumia betri moja, na yenyewe ina mfumo wa kujizima volti zikishuka, inaweza kuishi vizuri na seli isiyo na kinga kutoka kiwanda kinachoeleweka. Tochi rahisi isiyojizima, au inayopanga betri mbili kwa mfuatano, nunua yenye kinga bila kubishana. Kwenye mfuatano, betri mbili zisizolingana ni hatari kuliko moja mbovu: iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha mwenzake anaendelea kuisukuma mpaka volti zake zinageuka upande. Kwa hiyo hizo mbili zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja.

Na ukweli mmoja ambao wauzaji hawapendi kuutaja: viwanda vikubwa vyenyewe havikukusudia seli hizi zisizo na kinga ziuzwe rejareja kwa mtu wa kawaida. Vilizitengeneza zifungwe kwenye pakiti zenye saketi yake. Mwaka 2021 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji iliwaonya watu wasizinunue zikiwa peke yake. Kwa anayeanza, ushauri wangu unaangukia upande huo: chukua tochi yenye chaja ndani pamoja na betri ya kampuni ya tochi hiyo, au seli yenye kinga.

"Betri ya kampuni ya tochi ni wizi, betri rahisi ni zilezile"

Nusu kweli. Kampuni za tochi kwa kawaida hazitengenezi seli. Hununua kwa viwanda vikubwa, huweka kinga, huvalisha ganda lao, na huongeza bei. Ukijua kilichomo ndani unaweza kupata seli ileile kwa pungufu. Lakini ukisikia "zilezile" kutoka kwa mtu anayeuza 9900, funga pochi. Hesabu ya unafuu ni bei kugawa kwa mAh za kweli. Betri ya nusu bei yenye 900 mAh halisi ni ghali kuliko ya bei kamili yenye 3400, kabla hata hujahesabu kwamba nzuri huchajiwa mamia ya mara. Ila jina kubwa kwa bei ya kutupa nalo ni dalili mbaya, maana majina pia hughushiwa.

Unafuu mwingine uko kwenye tochi yenyewe. Inayotumia 18650 au 21700 ya kawaida itapata betri miaka mingi ijayo. Inayodai betri ya umbo lake pekee itakufunga kwa muuzaji mmoja.

"Ikiingia, inafaa"

Betri ya lithiamu-ioni ya 14500 ina ukubwa uleule wa AA, lakini AA ya kawaida ni volti 1.5 na 14500 ikijaa ni 4.2. Tochi isiyotengenezwa kwa zote mbili itawaka kwa fahari dakika chache, kisha saketi yake iungue. Vivyo hivyo 16340 na CR123A: hii ya pili ni ya volti 3 na haichajiwi. Mbili za CR123A ni volti 6. Mbili za 16340 zilizojaa ni 8.4. Na betri ya CR123A, au AA yoyote ya lithiamu isiyoandikwa kuwa ni ya kuchaji, usiipeleke kwenye chaja hata kwa majaribio.

"Chaja ni chaja"

Kama ningekuwa na pesa ya kutumia kwa umakini sehemu moja tu, ningeitumia hapa. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni ya volti 3.6 au 3.7 hujazwa mpaka volti 4.20, na chaja nzuri ikifika hapo hupunguza mkondo na mwisho hukata kabisa. Chaja ya ovyo hupitiliza, au huendelea kudondoshea umeme usiku kucha. Kuijaribu ni rahisi: taa ikionyesha imejaa, toa betri, weka multimita kwenye chanya na hasi. Ukisoma kati ya 4.15 na 4.22, sawa. Ukisoma 4.30, itupe chaja hiyo, maana betri nzuri haitapona humo.

Zile za lithiamu yenye chuma na fosfati ni jamii nyingine: volti 3.2, na hujazwa mpaka 3.65 tu. Zinavumilia joto zaidi na ni tulivu zaidi, ila ujazo wake ni mdogo, na zinataka chaja yenye mpangilio wake. Chaja za AA za nikeli hazihusiki kabisa na betri za lithiamu. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Lithiamu hujipaka kama metali ndani na haitoki tena.

"Mpya ichaji saa 8, kisha imalize kabisa"

Hii ni desturi iliyobaki kutoka enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haina ile "kumbukumbu" yake, yaani kupungua ujazo ikichajiwa kabla ya kuisha. Ichaji wakati wowote, usiikamue hadi mwisho, na kama hutaitumia miezi kadhaa iache nusu, mahali pa baridi kiasi.

"Za laptopu ni za bure na ni asili"

Ni asili kweli, na nyingine bado ni nzima. Lakini pakiti ya laptopu mara nyingi hufa kwa sababu ya seli moja au mbili, na usipopima huwezi kujua uliyoishika ni ipi. Kabla ya chochote angalia volti. Iliyoshuka chini ya 2 na kukaa hivyo, iache: shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena hujijenga mahali pasipotakiwa na kupiga shoti ndani. Iliyo nzima chaji, iache wiki mbili, pima tena. Ikiwa imeshuka sana bila kutumiwa, au ilipata joto la kuhisika wakati wa kuchaji, haifai. Hata zilizofaulu ziwekee tochi ndogo, si ile ya kuvuta ampea 10.

"Ganda likichanika ni urembo tu"

Tazama kichwa cha 18650 kwa karibu. Kitufe cha katikati ni chanya, na ukingo unaokizunguka, pamoja na kopo lote hadi chini, ni hasi. Kinachovitenganisha pale juu ni pete nyembamba na lile ganda la plastiki. Likichanika hapo, kipande cha chuma ndani ya tochi au sarafu mfukoni kinatosha kupiga shoti. Maganda mapya ya kujikaza kwa joto ni ya bei ndogo sana, na vijisanduku vya plastiki vya kubebea pia. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini.

"Ikiwaka moto usiimwagie maji"

Onyo hilo ni la lithiamu ya metali. Lithiamu-ioni haina metali hiyo kwa kiasi cha kuleta shida, na maji mengi husaidia kwa sababu huipoza. Cha kuogopa zaidi ni moshi: una gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, kwa hiyo kaa mbali nao. Tochi inayopata joto ikiwa imezimwa, au inayofoka hewa, usiifungue kuchungulia. Bomba lililofungwa hukusanya shinikizo, na kifuniko chaweza kuruka. Iweke nje, juu ya mchanga au zege, uondoke. Betri iliyochoka kwa amani tu, ziba ncha zake kwa utepe na uipeleke inakokusanywa taka za umeme. Kwenye taka za kawaida inaweza kupondwa na gari la taka na kuwaka humo.