Chozi ni la mtazamaji

Ninafundisha uigizaji wa mbele ya kamera, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanyeje ili nilie? Jibu langu huwavunja moyo wengi. Mimi hufundisha kujizuia.

Mwanafunzi wangu mmoja alipewa tukio la mtu anayepokea simu ya kifo cha mama yake. Mara ya kwanza alilia kwa sauti, mabega yakatikisika, machozi ya kweli kabisa. Sisi tuliokuwa nyuma ya kamera tulimtazama tu. Nikamwambia: kabla simu haijaita ulikuwa unakunja nguo, basi ukishaikata endelea kukunja. Tukapiga tena. Akachukua shati, akalikunja, akanyoosha kola kwa kidole, akalikunjua, akalikunja upya. Kola ile ile akainyoosha tena. Hakudondosha chozi. Mpiga picha ndiye aliyekuwa akipangusa macho.

Mhusika akishalia yote, mtazamaji hana la kufanya. Akijizuia, kilio kile kinatafuta pa kutokea, na kinatokea kwetu.

Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia tu, akaiunga na picha nyingine. Vsevolod Pudovkin, aliyefanya naye kazi, ameeleza kuwa zilikuwa sahani ya supu, maiti ya mwanamke jenezani na mtoto akicheza. Uso ulikuwa ule ule, lakini watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoitamani supu, alivyomlilia marehemu na alivyomfurahia mtoto.

Wapo wanaolitumia jaribio hilo kudai kwamba kwenye filamu mwigizaji ni sura tu, kazi yote ni ya mhariri. Sikubaliani nao hata kidogo. Picha ya karibu hukuza jicho likajaa skrini nzima, na jicho la mtu asiyewaza kitu hujulikana mara moja. Yule mwanafunzi alikuwa na shati na alikuwa na kola. Akili yake ilikuwa na mahali pa kushika.

Konstantin Stanislavski, mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Kirusi, mwanzoni aliwataka waigizaji wachimbe kumbukumbu za machungu yao wenyewe. Kabla ya kufariki mwaka 1938 alikuwa ameelekea zaidi kwenye vitendo: fanya jambo, hisia itafuata. Mimi nimeshikamana na njia hii ya pili, na sababu yangu kubwa ni afya ya mwigizaji. Kwa kawaida filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unazika, mchana unaposwa, na mazishi yale yanarudiwa kwa picha ya mbali, kisha ya karibu, kisha upande wa pili. Anayefukua msiba wake halisi kila mara huenda nyumbani akiwa nao.

Hata njia ya vitendo ina gharama yake. Baada ya kusema “kata”, mikono ya binti yule iliendelea kutetemeka. Huwa sina haraka hapo. Alivua nguo za mhusika, akanawa uso, akakaa kimya kidogo. Kisha akaomba simu yake, ile halisi, akampigia mama yake na kumuuliza kama ameshakula.