Je, wajua kwa nini Rizal aliisoma historia ya Ufilipino akiwa London?

José Rizal ndiye mwandishi wa Noli Me Tángere, riwaya iliyochapwa Berlin mwaka 1887 na kuwaudhi vibaya watawa wa Kihispania waliokuwa na nguvu kubwa Ufilipino. Mwaka uliofuata ilimbidi aondoke kwao. Alipofika London akawa mgeni wa kila mara katika chumba cha kusomea cha British Museum, akinakili kwa mkono kitabu kizima cha Kihispania.

Kitabu hicho ni Sucesos de las Islas Filipinas cha Antonio de Morga, kilichochapwa Mexico mwaka 1609. Nakala zake zilikuwa adimu, na moja ilikuwa humo London. Isitoshe, historia nyingi za visiwa hivyo ziliandikwa na watawa, watu ambao Rizal alikuwa na ugomvi nao. Morga hakuwa mtawa bali ofisa wa serikali. Alifika Manila mwaka 1595, miaka 30 tu baada ya Wahispania kuanza kulowea visiwani, akashika vyeo vya juu vya utawala na mahakama. Rizal alikuwa akitafuta shahidi wa namna hiyo: Mhispania atakayesema, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba Wafilipino walikuwa na ustaarabu wao kabla ya kutawaliwa.

Ila shahidi naye alikuwa na macho ya mgeni, kwa hiyo Rizal akakichapa upya kitabu hicho na kumjibu Morga kwa tanbihi, ukurasa baada ya ukurasa. Tanbihi ninayoipenda kuliko zote ni ya chakula. Morga anaeleza mlo wa kila siku: wali wa mchele uliotwangwa kwenye kinu cha mti, nyama ya nguruwe, ya paa na ya nyati, na samaki ambao, anadai, wenyeji huwaona watamu zaidi wakianza kuoza na kunuka. Rizal hakulinyamazia hilo. Anasema hiyo ni chuki ya Wahispania, ambao kama mataifa mengine hukinai chakula wasichokizoea. Kinachosemwa hapo ni bagoong, na aliyewahi kukionja anajua kwamba hakijaoza wala hakipaswi kuoza. Bagoong ni samaki wadogo au uduvi waliokolezwa chumvi nyingi na kuachwa wachachuke kwa wiki au miezi. Mpaka leo Wafilipino hula embe bichi kwa bagoong, na kare-kare, mchuzi mzito wa karanga wenye mkia wa ng'ombe, bila hicho huonekana haujakamilika.

Toleo hilo la Rizal lilitoka Paris likiwa na mwaka 1890, na dibaji ya rafiki yake Ferdinand Blumentritt, msomi wa Austria. Blumentritt alimsifu, lakini humo humo akamkosoa: Rizal anawahukumu watu wa karne ya 16 kwa mizani ya karne ya 19. Kwa maoni yangu Blumentritt alikuwa na haki. Kuna mahali Rizal anaipamba jamii ya kale kupita ushahidi alio nao. Lakini kitabu chake hakijapungukiwa na utamu kwa sababu hiyo. Ukikisoma unasikia watu wawili wakibishana, mmoja kafa zamani na hawezi kujibu.

Leo huhitaji kwenda London. Tafsiri ya Kiingereza ya Morga, ikiwa na tanbihi nyingi za Rizal, inasomwa bure katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Humo pia zimo juzuu nyingi za mkusanyo wa Blair na Robertson, juzuu 55 za nyaraka za kale zilizochapwa kati ya 1903 na 1909. Usianze na hizo, utachoka. Anza na Barangay cha William Henry Scott, cha mwaka 1994, kilichochambua kumbukumbu na kamusi za watawa kueleza watu wa karne ya 16 walivyokula, walivyojichanja chale na walivyounda majahazi. Na kama unachofuata ni jikoni, tafuta insha za Doreen Fernandez ziitwazo Tikim, nazo za mwaka 1994.