Je, wajua? Besi haumi chambo, hukinywa

Ziangalie picha za wavuvi wa besi. Wote humshika samaki kwa namna moja: kidole gumba ndani ya kinywa, vidole vingine chini ya kidevu, mwili ukining'inia. Hakuna mvuvi wa Lamu au Kilwa atakayemshika mzia hivyo akarudi nyumbani na vidole vyote. Nimeziona picha hizo kwa miaka, na mwenyewe nimemshika samaki huyo vivyo hivyo ziwani Naivasha, bila swali hili rahisi kunijia kichwani: ikiwa besi huuma chambo, mbona haumi kidole?

Jibu ni kwamba haumi. Chambo hukinywa. Asiyelijua hilo hununua fimbo isiyofaa, kisha huilaumu ndoano.

Tumalize utambulisho upesi. Besi (huyu wa majini, si ile inayotetemesha vioo vya matatu) ni samaki mwindaji wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Micropterus salmoides, na kwa kuwa ana ndugu mwenye mdomo mdogo, yeye huitwa besi wa mdomo mkubwa. Naivasha aliletwa mwaka 1929, na kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana walipopandikizwa humo mwaka 1970, akapata chakula cha kumnenepesha. Besi mzito kuliko wote katika rekodi za dunia ana zaidi ya kilo 10, na rekodi hiyo ina wenyewe wawili: George Perry, aliyemvua wake huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita, aliyemvua wake katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Basi. Turudi kinywani.

Kwanza nieleze nilichokosea, maana nilikikosea kwa bidii. Niliamini kwamba samaki huona chambo, hukifuata, kisha hukibana kwa meno kama mbwa anavyodaka mfupa, na kwamba ule mtikisiko unaofika mkononi ndio kuuma kwenyewe. Kwa hiyo kazi ya mvuvi ni moja tu: ahisi mapema, avute mapema. Nikanunua fimbo ngumu ya kaboni, kwa kuwa fimbo ngumu hufikisha habari mkononi upesi. Rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, nikaivisha mshipi wa kusokotwa, ule usionyumbuka, kwa sababu hiyo hiyo. Kisha nikakaa kwenye mashua kama mlinzi wa benki, na kila nilipohisi mguso nikavuta kama ninayeng'oa muhogo.

Mara nyingi chambo kilirudi peke yake, kikipita karibu na sikio. Mzee aliyekuwa akiendesha mashua alivumilia karibu asubuhi nzima.

“Kijana,” akasema mwishowe, “huyo samaki unamnyang'anya kabla hujampa.”

“Lakini ameshauma, mzee.”

“Ameuma kwa nini?”

Nilidhani ananiuliza sababu. Kumbe alikuwa anauliza kifaa. Alipompata wake, alinifungulia kinywa nikaona. Meno yapo, lakini ni vijimeno vidogo vilivyosongamana kama nyuzi za brashi, vyote vimeinamia ndani. Ukipitisha kidole unahisi msasa. Hayakati wala hayatoboi. Kazi yake ni kuzuia kilichoingia kisiteleze kurudi nje. Kilichobaki ni kujua kinaingiaje.

Kinywa cha besi kilichofungwa ni mwavuli uliokunjwa. Kinapofunguka, taya la chini hushuka, fuvu huinuka, mashavu hutanuka pande zote mbili na sakafu ya kinywa huzama, yote kwa wakati mmoja. Nafasi iliyokuwa karibu na bure inageuka ukumbi. Ukumbi huo hauwezi kukaa mtupu ndani ya maji, kwa hiyo maji yaliyo mbele ya mdomo hukimbilia ndani kuujaza, na chochote kilichoelea ndani yake huenda nayo. Halafu mdomo hufungwa, vifuniko vya matamvua hufunguka, maji hutoka kwa nyuma na mlo hubaki. Umewahi kumwona muuguzi akivuta dawa kutoka kwenye kichupa kwa bomba la sindano? Bomba haliiumi dawa. Linaipa nafasi, dawa inapanda yenyewe. Tofauti ni kwamba besi huimaliza kazi hiyo kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, na mara nyingi pungufu ya hapo.

Hapa nilitoka kwenye kosa moja nikaangukia jingine. Nilipokwisha kuelewa kwamba samaki anafyonza, nikamwona kama mashine ya kusafishia zulia, anaketi kwenye mafunjo na kuvuta vitu kutoka mbali. Hawezi. Washa kibatari usiku, ukae hatua moja mbali, ukipulize: kinazimika. Sasa kiwashe tena, ujaribu kukizima kwa kuvuta pumzi ndani. Utavuta mpaka macho yakutoke, na mwali hautatikisika. Unapopuliza, hewa hutoka kama mshale na kwenda mbele imejikusanya. Unapovuta, hewa huja kutoka kila upande, juu, chini na ubavuni, na nguvu ile ile hugawanywa kwa wote. Ndivyo ilivyo kwa utando wa maziwa kwenye kikombe cha chai: ukiwa ng'ambo ya kikombe huwa umetulia kana kwamba hakuna anayekunywa, ila ukifika karibu na mdomo hurukia ghafla.

Hili limepimwa. Steven Day, Timothy Higham na Peter Wainwright, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2005 vipimo walivyochukua kwa binamu mdogo wa besi, wa jamii hiyo hiyo. Walitia majini chembe ndogo mno, wakazimulika kwa leza na kuzifuata kwa kamera za kasi. Ukisogea mbele ya mdomo umbali sawa na upana wa mdomo wenyewe, kasi ya maji inakuwa imeshuka hadi karibu asilimia 5 ya ile iliyopo mlangoni. Kwa maneno mengine, besi mwenye mdomo wa upana wa kikombe anaweza kunywa kilicho ndani ya umbali wa kikombe, na kuanzia hapo ni kujaribu bahati.

Ndiyo maana nikisema “hukinywa” natia chumvi kidogo. Besi hukimbia kwanza, akamaliza kwa kufyonza. Tena mdomo mkubwa, tunaousifu, una gharama yake: ukilinganisha na binamu yake mwenye kijidomo, besi hufyonza kwa nguvu ndogo zaidi na hutegemea zaidi mbio zake. Chambo kinachokwenda kasi hukimeza kwa kukipita juu, kama gari linavyomeza barabara. Kilichotulia chini ndicho hukinywa hasa.

Kabla hatujagusa fimbo, kuna jambo moja ambalo sitaki likupite. Nguvu ya kufungua mwavuli huo inatoka wapi? Kichwa cha samaki ni mifupa mitupu na misuli michache. Mwaka 2015 Ariel Camp, Thomas Roberts na Elizabeth Brainerd, wa Chuo Kikuu cha Brown, walimpiga besi video za eksirei kutoka pande mbili akiwa anakula, wakapiga hesabu ya kila msuli. Zaidi ya asilimia 95 ya nguvu ya kufyonza ilitoka kwenye misuli ya kuogelea. Misuli ya mgongo hulivuta fuvu juu, ya tumboni huvuta mifupa ya bega nyuma, na kinywa hakina budi kutanuka. Yaani minofu ile tunayoipaka ndimu na kuikaanga ndiyo inayofungua mdomo. Besi hula kwa mgongo. Nimewaeleza hili watu kadhaa kwenye meza ya chakula, na nimegundua kwamba si wote wanaopenda kulisikia wakiwa wanatafuna.

Sasa rudi kwenye chambo bandia, ukitazame kwa jicho la kinywa kinachofunguka. Kamba wa kweli hana uzi. Maji yakienda, naye anakwenda. Chambo chako kimefungwa. Chukua chai ya kifuko, mpe mwenzako ashike uzi na kuukaza, kisha jaribu kukinyonya kifuko kwa midomo bila kutumia mikono. Chai utaipata. Kifuko kitabaki palepale. Fimbo yangu ngumu na mshipi wangu usionyumbuka vilikuwa huyo mwenzako mwenye roho mbaya: samaki alifungua kinywa, maji yakaingia, na chambo kikaning'inia mlangoni. Mguso niliouhisi ulikuwa chambo kikigonga mdomo kwa nje. Nami nikikihisi tu, nakivuta.

Kwa hiyo chambo cha kuvutwa, kile cha mbao au plastiki chenye kipande cha kukizamisha mbele na ndoano za miba mitatu tumboni, wavuvi wengi hukitumia kwa fimbo ya faiba inayopinda tangu ncha hadi katikati, na mshipi wa nailoni unaonyumbuka. Samaki anapofyonza, ncha hulegea na mshipi hurefuka kidogo, na chambo hupata zile sentimita chache kinazohitaji kuingia. Nikiri kwamba uthibitisho hapa ni mwembamba. Maabara walipima samaki wakila chakula, hawakupima samaki wakidanganywa kwa plastiki iliyofungwa kwenye rili, na sifa za faiba zimejengwa zaidi na ushuhuda wa watu wa mashua, ambao si kundi linalojulikana kwa kupunguza urefu wa samaki. Lakini hesabu inakubali. Umbali ambao kufyonza kunafanya kazi ni sentimita chache, na fimbo laini inatoa hizo hizo.

Kwa aina hii, usishtue fimbo kabisa. Endelea kuzungusha rili. Miba mitatu ni mikali na samaki atageuka aende zake, nayo itajikita yenyewe anapogeuka.

Mnyoo wa plastiki ni kesi nyingine, na hapo fimbo ngumu inarudi kwa heshima. Mnyoo huu, ambao Nick Creme wa Akron, Ohio, aliutengeneza mwaka 1949, huvuliwa chini kabisa ukiwa na chubwi ndogo, mshipi umelegea, ncha ya ndoano imefichwa ndani ya plastiki isinase majani. Kulegea kwa mshipi kumeshampa samaki uhuru wote, kwa hiyo ulaini wa fimbo hauna cha kuongeza. Kinachohitajika ni nguvu ya kuitoa ndoano kwenye plastiki na kuiingiza mdomoni. Shida ni kujua lini, maana samaki akikinywa chambo akiwa anakuja upande wako, hutahisi mtikisiko wowote. Unahisi uzito umepotea. Mshipi unalala, au unaanza kutembea ubavuni bila sababu. Miaka yangu ya kusubiri kugongwa mkono nilikuwa nasubiri habari iliyofika zamani, nikidharau ile ya sasa. Vuta ulegevu taratibu mpaka mshipi unyooke, kisha shtua. Usilaze damu pia: besi anajua kutema kama anavyojua kunywa, kwa kusukuma maji nje.

Chura wa plastiki, anayeburutwa juu ya magugu maji, ndiye anayetia watu aibu zaidi, kwa sababu unaona kila kitu. Maji yanapasuka, moyo unaruka, mkono unafuata moyo. Lakini juu ya uso wa maji sehemu ya kinachoingia kinywani ni hewa, na hewa ni nyepesi mno kubeba chura. Samaki hukosa mara nyingi hapo, na hurudi. Acha macho yaone na mkono usijue. Uzito ukifika kwenye fimbo, ndipo uvute.

Kusubiri nako kuna mpaka. Ukichelewa sana, hasa kwa mnyoo, ndoano huishia kooni karibu na matamvua, na samaki unayetaka kumrudisha ziwani hawezi kuvumilia kuchokolewa kwa koleo. Ikifika huko, kata mshipi karibu na ndoano, umwachie. Na ukimpata mkubwa, ule mtindo wa kumning'iniza kwa taya uusahau. Mkono mmoja taya, mwingine chini ya tumbo, taya lisibebe mwili mzima.

Safari iliyofuata nilikwenda Naivasha na fimbo ya faiba ya kuazima. Hadi jioni kidole gumba changu kilikuwa kimechubuka kama cha mtu aliyekuna nazi na kukosa mbuzi mara kadhaa. Mzee alikitazama, akaona hakuna hata tundu moja la jino, akawasha injini.