Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta? Niambie kwanza kama uliliinua

Mwalimu mmoja wa Goba aliniletea Toyota IST yake pamoja na boksi la kiatu. Ndani ya boksi kulikuwa na plagi nne, koili nne zinazozipa plagi umeme wa cheche, na pampu ya mafuta, vyote vimetolewa kwenye gari hilohilo katika gereji aliyotoka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Hivi vyote nimeshabadilisha, na gari bado inatetemeka nikikanyaga mafuta. Nikiachia, inatulia kabisa."

Maneno hayo ya mwisho yalishanipunguzia kazi. Mtetemo wa tairi lisilo na balansi au rimu iliyopinda hufuata kasi ya gari. Ukifika 90 upo, na ukiachia mafuta bado upo mpaka kasi ishuke. Wa mwalimu ulikuwa unafuata mguu wake. Kwa hiyo tairi tukaziacha.

Jaribio langu la kwanza halihitaji mashine. Gari likiwa limesimama, mbele pakiwa peupe, navuta breki ya mkono, nakanyaga breki ya mguu kwa nguvu, naweka D, halafu nakanyaga mafuta kwa sekunde tatu au nne tu. Usizidishe hapo, oili ya giaboksi inachemka upesi. Injini inabeba mzigo lakini magurudumu hayazunguki. Injini inayomisi, yaani silinda mojawapo haiunguzi mafuta sawasawa, itajionyesha palepale: itakohoa na kuruka bila mpangilio. Maunti, ile raba inayoshikilia injini, ikiwa imekatika utasikia kishindo injini inapoinuka. Kukiwa kimya, basi shida ipo kwenye vitu vinavyozunguka gari likitembea.

Kama inamisi, ndiyo sasa chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi P0302 inakwambia silinda ya 2. P0300 inakwambia kumisi kunahamahama. Usikimbilie Kariakoo kununua vipuri. Injini ya 1NZ ya IST ina koili moja kwa kila silinda, na zote zinafanana, kwa hiyo hamisha koili ya 2 uipeleke 3, futa kodi, uzunguke mtaa. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, sasa fikiria plagi, nozeli au kompresheni. Na ukichomoa koili, chungulia kwenye shimo la plagi. Hapa Dar nimekuta maji humo mara nyingi, gari limetoka kuoshwa injini kwa presha jana yake. Ukikuta oili, sili za kava ya juu zimechoka, na koili mpya utakayoweka itakufa vilevile. Taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima wakati gari linamisi, usiendelee kuliendesha: petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi.

Kuna mtetemo mwingine wa giaboksi otomatiki, unakuja ukiwa umetulia kwenye 60 au 70 na kukanyaga mafuta kidogo tu, kama unapita juu ya bati la migongo. Gusa breki kwa mguu wa kushoto, taa za nyuma ziwake tu bila gari kupungua kasi. Kwenye magari mengi kufanya hivyo kunaachia kilachi ya ndani ya toki konvata, kile kiungo kati ya injini na giaboksi otomatiki. Mtetemo ukikata hapohapo, anza na oili ya giaboksi, na iwe ile iliyoandikwa kwa giaboksi hiyo. Oili ya otomatiki ya kawaida usiitie kwenye CVT, giaboksi ile ya mkanda.

IST ya mwalimu ilisimama kimya kwenye jaribio la kwanza. Mashine haikuwa na kodi hata moja. Tukatoka nayo Ubungo kupanda Kimara, na kuanzia 40 pua ya gari ikaanza kuyumba kushoto na kulia, kama mtu ameishika bampa anaitikisa. Nikaachia mafuta, kimya.

Nilipoinama chini nikaona jambo ambalo hakulitaja, na wala simlaumu, maana nani angelihusisha? Juu ya shokapu kulikuwa na spesa za inchi mbili, vile vipande vya kuinulia gari. Barabara za ndani za Goba zina makorongo, naye alichoka kugonga chini.

Ukiinua bodi, injini na giaboksi vinapanda nayo, magurudumu yanabaki chini. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi zinalala kwa pembe kali zaidi. Jointi ya ndani, upande wa giaboksi, ni kikombe chenye njia tatu, na ndani yake kuna vigurudumu vitatu vinavyoteleza mbele na nyuma. Pembe ikizidi, vinateleza mwendo mrefu zaidi huku vimebanwa na nguvu ya injini, hadi vinachimba mashimo kwenye njia zao. Kila shafti ikizunguka mara moja, gari linasukumwa pembeni mara tatu. Tairi la IST lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye 50 hiyo ni mitikisiko kama 20 kwa sekunde. Ukiachia mafuta, kinachobana hakipo tena. Jointi ya nje ikifa hupiga kelele ta-ta-ta ukikata kona. Hii ya ndani hailii, ndiyo maana watu wanaishia kununua plagi.

Tulifungua kikombe cha kulia. Nilifuta grisi na kupitisha ukucha kwenye njia, ukanasa mara tatu. Tukanunua shafti ya mtumba Gerezani, lakini nilimwambia muuzaji afungue raba nipitishe ukucha huohuo kabla ya kulipa. Ya kwanza niliirudisha. Ya pili ilikuwa laini, tukaijaza grisi nyeusi ya jointi na kuifunga raba mpya.

Spesa je? Mwalimu alikataa kuzitoa zote. "Fundi, wewe huijui njia ya kwangu mvua ikinyesha." Tukakubaliana inchi moja, tukafanya alaimenti, tukapanda tena Kimara mpaka 80. Pua ilitulia.

Zile koili za kwenye boksi nilizijaribu moja moja kwenye gari lingine. Zote nne nzima.