Kompyuta haiondoi chuma kichwani

Kwa mara nyingine nimeletewa fomu ya ombi la CT scan ya kichwa ambayo daktari, chini ya maelezo ya mgonjwa, ameandika hivi: "Ana klipu ya aniurizimu. Tafadhali tumieni programu ya kuondoa chuma ili tuone kama damu inavuja." Aniurizimu ni uvimbe wa mshipa wa damu, na klipu ni kibanio cha metali kinachouziba. Ombi hili nimekwisha kulijibu kwa simu, koridoni na katika kikao cha asubuhi, na kila mara hurejea kwa mwandiko mwingine. Basi nalijibu kwa maandishi. Programu hiyo, ya kupunguza michirizi myeupe na myeusi ambayo chuma hutandaza katika picha, tunayo, tunaitumia, na mara nyingi hutusaidia, lakini haiondoi chuma wala haifunui kilichofichwa na chuma. Inakisia. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumruhusu mgonjwa arudi Kondoa kwa uhakika kwamba hakuna damu, ilhali uhakika wenyewe umetoka katika eneo ambalo mashine haikuliona.

Chanzo cha michirizi nitakieleza kwa haraka. Kompyuta huchukua logi (logarithimu) ya idadi ya fotoni, yaani chembe za mionzi, zilizofika kwenye ditekta, kipokezi kilicho upande wa pili wa kichwa. Zikifika chache mno kwa sababu chuma kimezinyonya, kelele ndogo hukuzwa na hiyo logi, kisha hutandazwa katika picha nzima. Hiyo ni njaa ya fotoni. Jambo la pili ni kwamba mwale wetu hauna nishati moja: ukiweka 120 kV (kilovolti, nguvu ya umeme inayozalisha mionzi), fotoni dhaifu hufyonzwa kwanza, mwale unaotoka huwa mgumu, yaani wenye wastani wa nishati ya juu, kuliko ulioingia, na tishu iliyo kati ya vitu viwili vizito husomeka nyeusi kuliko ilivyo. Hata kichwa kisicho na chuma kina utepe mweusi unaokatiza ponsi, sehemu ya shina la ubongo, kutoka mfupa mmoja wa petrasi, ule mnene wa sikio la ndani, hadi wa pili, na hakuna anayeuita kiharusi kwa sababu tumeuzoea. Utepe wa aina hiyohiyo ukitokea kati ya klipu mbili, ghafla mgonjwa ana kiharusi kipya. Mtawanyiko wa mionzi na kichwa kusogea nayaruka, kwa kuwa hayo hayabishaniwi.

Ninachobishana nacho ni neno "chuma" kutajwa peke yake, kana kwamba metali zote ni ndugu. Namba ya atomu ya titani ni 22 na ya platini ni 78, na namba ikiwa kubwa metali hufyonza mionzi zaidi. Klipu ya titani huchiriza kidogo, na kupanda kutoka 120 hadi 140 kV huweza kusaidia, ingawa nakiri kwamba mara nyingi tofauti naiona kwa sababu najua ipo. Koili za platini, nyuzi zilizosokotwa ndani ya aniurizimu ili kuijaza, haziitikii kupandishwa huko kwa kiasi cha maana. Elektrodi za kusisimua ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, ambazo mgonjwa wetu huwa ametoka nazo nje ya nchi, nazo hubeba platini na iridi, lakini ni nyembamba, kipenyo chake kikiwa takriban milimita 1.3, hivyo shida yake kubwa ni kuonekana nene kuliko zilivyo. Ama shunti, mirija ya kutoa maji kichwani kwa watoto wenye vichwa vikubwa, ambazo kila zikitajwa mtu huulizia programu, mirija yake ni ya silikoni iliyotiwa bariamu ili ionekane kwa eksirei. Haichirizi. Tafadhali tusiiandikie programu.

Kuongeza mAs, yaani wingi wa mionzi, nako si dawa. Ukizidisha mara mbili, kelele hupungua hadi kama asilimia 70 tu ya ilivyokuwa, ugumu wa mwale haupungui kabisa, na lenzi za macho ya mgonjwa zinabeba dozi mara mbili. Kurudia kipimo vilevile bila kubadili mkao wa kichwa ni kuomba michirizi ileile kwa gharama mpya.

Sasa tuje kwenye programu yenyewe. Kwanza hutengeneza picha ya kawaida, yenye michirizi yake yote, kisha hutafuta vitone vyenye thamani iliyopita kiwango fulani na kuvihesabu kuwa chuma. Hurudi katika vipimo ghafi, hutambua kila mstari wa mwale uliopita katika chuma hicho, huufuta, na mahali pake huweka thamani zilizokadiriwa kutokana na mistari jirani. Mbinu hiyo ya kujazia iliandikwa na Kalender na wenzake mwaka 1987, na ile ya Meyer na wenzake ya mwaka 2010, ambayo huongozwa na picha ya makadirio, imeiboresha bila kubadili msingi wake. Mwishoni picha hujengwa upya na chuma hubandikwa tena mahali pake. Ni kama kanga iliyoungua kwa pasi pale penye jina: fundi stadi atashona kiraka cha rangi ileile na kwa mbali hutaona tundu, lakini kiraka hakitakusomea maneno yaliyoungua.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Kitone cha ubongo kilicho mbali na klipu hupitiwa na mistari mingi ambayo michache tu imegusa chuma, kwa hiyo makisio hayakidhuru sana na picha yake husafika kweli. Kitone kilicho kando kabisa ya klipu kimepoteza sehemu kubwa ya mistari yake. Maana yake ni kwamba programu hufanya kazi vizuri zaidi mbali na chuma, wakati maswali ya madaktari, karibu yote, yako kando ya chuma. Damu mbichi husoma takriban 60 HU (vizio vya Hounsfield, kipimo cha weupe na weusi katika CT) na ubongo kati ya 30 na 40. Tofauti ya vizio 20 au 30 ndiyo tunayoitafuta pembeni ya kitu kinachosoma maelfu, na makisio yakikosea kwa kiasi hicho tu, yametengeneza damu au yameifuta.

Makosa yake yana sura nzuri, na hilo ndilo linalonikera. Mfupa ulio karibu hulika ukingo, mshipa uliojaa dawa ya ayodini hupungua upana pale unapopita klipu, na mtu huandika kwamba umebanwa. Kuna mashine zenye mipangilio tofauti ya koili za ubongo, meno na nyonga. Ukichagua wa nyonga kwa koili, usishangae. Vitabu husema soma picha asilia na iliyorekebishwa pamoja. Havisemi ufanye nini zinapopingana. Mimi ndani ya sentimita moja kutoka kwenye chuma huelekea kuiamini asilia, na nje ya hapo iliyorekebishwa, lakini sentimita hiyo ni mazoea yangu, na sina ushahidi wa kuitetea mbele ya mtu mkali. Zipo picha ambazo jibu la haki ni kwamba eneo hilo haliwezi kutathminiwa, na hakuna anayependa kuandika hivyo.

Mashine za nishati mbili hutengeneza picha za keV ya juu, yaani kana kwamba mwale una nishati moja kubwa, zinazopunguza ugumu wa mwale, si njaa ya fotoni, na ayodini hufifia humo. Kwa mishipa ni faida yenye deni.

Kinachosaidia kuliko vyote hufanyika kabla ya mionzi. Michirizi hutandaa zaidi katika bapa la mkato, hivyo tazama klipu kwenye skauti, picha ya awali ya kupangia kipimo, kisha inamisha gantri, lile duara la mashine, au kidevu cha mgonjwa kama gantri haiinami, ili bapa la chuma lisilingane na eneo unalolitafuta. Vua hereni na vibanio vya nywele. Uulize vizuri pia: ukimuuliza mama kama ana kipandikizi atakuonyesha mkono, kwa hiyo muulize alipasuliwa kichwa wapi na mwaka gani, iwe MOI (taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili) au India, na kama ana karatasi yoyote ya huko.

Nanyi mnaojaza fomu, andikeni aina ya kifaa, upande kilipo na swali lenyewe. Mkitaka maoni ya daktari aliyempasua, mtumieni faili za DICOM, yaani picha kamili kutoka kwenye mashine, za seti zote mbili, asilia na iliyorekebishwa. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu imefungwa katika dirisha moja, yaani mpangilio mmoja wa weupe na weusi, ambalo yeye hawezi kulipanua hata akivuta kwa vidole viwili.