Sola Haisafishi Saruji

Kila yanapozungumzwa majengo ya Fumba, Zanzibar, na moshi wa viwanda vya saruji, lazima atoke mtu aseme: “Wafunge sola juu ya mabati, saruji itakuwa safi.” Jamani, basi.

Muulizeni mchoma chokaa. Anapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya minazi, anatia moto, na tanuu likipoa mawe hutoka mepesi. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 tu. Kilo 44 zilizopotea ni hewa ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe lenyewe, mbali na ile ya magogo. Ondoa gogo, weka umeme, gesi, jua, chochote: kilo 44 zitaondoka vilevile, maana zisipoondoka hupati chokaa.

Klinka, yaani vinundu vya jiwe la chokaa na udongo vilivyochomwa, ambavyo husagwa kuwa saruji, ni mambo hayohayo, ila moto wake hufika nyuzi 1450. Tani moja ya klinka hutoa takriban kilo 520 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe, na kama 300 kutoka kwenye moto. Umeme je? Tani ya saruji hula kama uniti 100, nyingi kwenye vinu vya kusagia. Hata umeme huo ukizalishwa kwa gesi, ni makumi ya kilo tu, na hayo ndiyo sola inayoyagusa. Fungeni, sikatazi.

Na nyie mnaosema “hapa hatuchomi klinka, hayatuhusu”: saruji huvuka bahari, moshi wake tumeuacha ng'ambo. Tuendelee.

Penye kazi ni kupunguza klinka ndani ya mfuko. Soma maandishi yake. CEM I ni klinka 95% au zaidi, CEM II/A ni 80 hadi 94, CEM II/B ni 65 hadi 79. Herufi inayofuata hutaja kilichochanganywa: L ni jiwe la chokaa lisilochomwa, P ni majivu ya volkano, kama yale ya Mbeya. Msizichanganye hizi mbili. L kwa sehemu kubwa hujaza nafasi. P hufanya kazi na chokaa inayotolewa na klinka ikikutana na maji. Halafu kuna saruji iitwayo LC3: klinka nusu, udongo wa kaolini uliochomwa 30%, jiwe la chokaa 15%, jasi 5%. Udongo huo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na kinachotoka ndani yake ni mvuke wa maji.

Hapa ndipo mafundi hunung'unika: “Saruji hii dhaifu.” Si dhaifu, inachelewa! Ile 32.5 au 42.5 kwenye mfuko ni nguvu ya siku 28. Ukivua mbao mapema na kuacha kumwagilia siku ya pili, zege limekauka kabla halijamaliza kazi. Lifunike kwa magunia mabichi siku 7, 10 ni bora. Kosa la pili ni maji. Kaolini iliyochomwa hulifanya zege liwe zito, fundi akaongeza ndoo. Lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, mwisho hapo, na mchanga ukiwa mbichi upunguze. Bado zito? Tia dawa ya kulainisha zege.

Jambo vitabu hulipita mbio: saruji yenye kaolini au majivu huzuia vizuri chumvi ya bahari isiifikie nondo, lakini hewa ukaa huipenya upesi zaidi, nayo pia huiachia nondo kutu. Kwa nyumba ya pwani, lipi litashinda baada ya miaka 50? Anayekupa jibu la mkato simwamini.

Sasa huo “ukuaji bila moshi” tunaoahidiwa, kwamba viwanda vitazalisha zaidi na moshi utapungua. Shusha klinka kutoka 95% hadi 65%: tani ya saruji inashuka kutoka kilo 780 hivi hadi 530. Vizuri sana. Kiwanda kikiongeza uzalishaji kwa nusu, jumla ya moshi imeshapita ilipokuwa mwanzo.

Ndiyo maana kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, wameamua kuikamata hewa yenyewe. Mtambo uliozinduliwa 2025 umejengwa kukamata tani 400,000 kwa mwaka, karibu nusu ya moshi wa kiwanda hicho, kisha hewa hiyo hupakiwa melini ikazikwe chini ya sakafu ya bahari. Sehemu kubwa ya gharama imebebwa na serikali yao.